Kiongozi Halimiwi: Mwalimu Sefania Kajiru na Ligi ya Upare

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, jumbe wetu, ndugu wafiwa, na ninyi wageni mliopanda kutoka reli na miguu yenu bado inalalamika, wakubwa nawaamkia shikamooni, wadogo marahaba. Naitwa Zebedayo, ni kaka wa mjane Yudith, kwa hiyo marehemu alikuwa shemeji yangu kwa miaka thelathini na minne. Ukoo wa Kajiru ulikaa jana ukaamua historia hii niisome mimi, wakisema mtu wa damu yake angelia kabla hajafika kwenye ndoa, nami nikakubali kwa sharti moja tu, kwamba nisizuiwe kusema kweli, maana mwenyewe alinizoea hivyo na angeshangaa nikibadilika leo.

Marehemu Mwalimu Sefania Kajiru alizaliwa tarehe 14 Machi 1899 hapa Shighatini, Ugweno, mtoto wa tatu wa Mzee Kajiru na Mama Nakijwa. Tarehe hiyo misheni iliikadiria siku ya ubatizo wake, tarehe 12 Juni 1910, kwa kuwauliza wazazi mvua ilikuwaje na njaa ilikuwaje mwaka ule, lakini Mwalimu aliishika kana kwamba aliiona kalenda kwa macho yake siku anazaliwa, na ole wako ukosee hata siku moja mbele yake.

Alianza shule ya misheni hapa Shighatini mwaka 1907, akamaliza mwaka 1913, na Januari 1914 akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu Marangu, akatembea kwa miguu na blanketi moja na chungu cha mama yake kilichovunjika njiani. Masomo yalikatizwa na vita, mwaka 1916 alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, akapita Same, akapita Korogwe, akafika mbali hadi akaugua kuhara damu, na huko kambini Korogwe ndiko alikoona kwa mara ya kwanza watu wazima wenye akili zao wakikimbiza mpira wa ngozi na kugombana kwa ajili yake. Alirudi nyumbani Februari 1918 amekonda, na jambo la kwanza alilomwambia baba yake, kabla hata ya kuulizwa habari za vita, lilikuwa habari za mpira huo, mzee akadhani homa haijamtoka.

Alirudi Marangu akamaliza, na tarehe 5 Januari 1920 akaanza kufundisha hapa Shighatini, akahamishiwa Same mwaka 1928, akarudishwa nyumbani Januari 1934, akafundisha hapa hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1954. Aliwafundisha baba zenu kusoma na baadhi yenu mlio hapa, na wale aliowachapa najua hamjasahau, ila nawaona mmekuja, na hilo ni jibu la kutosha kuhusu ualimu wake.

Tarehe 6 Septemba 1924 alifunga ndoa na dada yangu Yudith katika kanisa hili lililo nyuma yetu, akiwa amevaa koti la kuazima ambalo mpaka leo hatujajua ni la nani. Baba yetu hakumkubali kwa sababu ya ualimu, alimkubali kwa sababu siku ya kulima shamba la wakwe alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, akapiga jembe bila kuinua kichwa, na nyumbani kwetu tulimjua kwa jembe kabla hatujamjua kwa chaki. Mungu aliwajalia watoto watano, Simeoni aliye bandarini Tanga, Ruthi aliyeolewa Usangi, Eliwaza ambaye ni muuguzi Moshi, Aminieli aliye chuoni, na kitinda mimba wao Dorkas, aliyetutangulia mwaka 1938 akiwa bado mchanga na ambaye leo baba yake analazwa karibu naye.

Sasa nafika kwenye Ligi, na najua wengi wenu mlikuwa mnaingoja kama makande yanayochelewa kuiva.

Ligi ya Upare ilianzishwa Same tarehe 2 Mei 1936 kwa klabu sita, tatu za reli, yaani Same, Makanya na Lembeni, na tatu za milimani, yaani Shighatini, Usangi na Mbaga, mwenyekiti akiwa meneja mmoja Mwingereza wa shamba la mkonge, tuliyemwita Bwana Meneja na asiyejua kwamba tulikuwa na jina jingine la kumwita, na Mwalimu Sefania akichaguliwa kusema kwa niaba ya milima yote. Kuteremka kwa mchezo mmoja ilikuwa safari kweli, vijana walishuka kwa miguu, wakalala Kileo kwa jamaa zetu, asubuhi wakapanda treni hadi Same, wakacheza, wakarudi hivyo hivyo.

Mchezo wetu wa kwanza kule Same lazima niusimulie, kwa sababu mwenyewe aliusimulia kila Krismasi. Uwanja wetu hapa Shighatini mnaujua, goli la juu liko kanisani, goli la chini liko karibu kutumbukia bondeni, na mbinu yetu ilikuwa moja tu, kipindi cha kwanza ucheze ukipandisha, ujitunze, uvumilie, na kipindi cha pili uteremke na mpira huku wapinzani wamekwisha pumzi. Nahodha wetu alikuwa golikipa, Tumainieli, yule pale ameinamisha kichwa, naye siku ile alishinda kura ya sarafu, akawaambia wenzake wajitunze, nguvu ziwekwe akiba, tutawamaliza kipindi cha pili. Vijana wakajitunza kweli, wakafungwa matatu wakijitunza, kipindi cha pili wakabadilishana goli kwa furaha, wakangoja mteremko, na mteremko haukuja, kwa sababu Same ni tambarare kama meza, tukafungwa saba. Tumainieli alimfuata Mwalimu akamwuliza, "Mwalimu, uwanja huu unateremkia wapi?" naye akamjibu, "Hauteremki popote, mwanangu, na sisi itabidi tujifunze kucheza hivyo."

Kujifunza tulijifunza, mwaka uliofuata tukawafunga Makanya, tukatoka sare na Same, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mashamba ya mkonge yaliona vijana wetu wana miguu, yakaanza kuwaajiri, huyu akaandikwa mpima mkonge na mkonge wenyewe hakuwahi kuugusa, yule akaandikwa mlinzi wa stoo na mlango wa stoo hakuujua uko upande gani, kazi yao ikawa mpira na mwisho wa mwezi mshahara. Wachezaji wa Usangi waliteremka, wa Mbaga wakateremka, na mwanzoni mwa 1938 akaitwa Tumainieli. Yeye alimwambia Mwalimu waziwazi kwamba kuondoka hataki, ila kila akienda kucheza Same shamba la mama yake linalala, majirani wanalima yeye yuko njiani, na mpira haujapata kumjazia mama yake ghala. Mwalimu alijua kwamba Tumainieli akienda klabu imekwisha, na klabu ikiisha Ligi itabaki ya watu wa reli peke yao, na milima itabaki kushangilia vijana wake wakiwa wamevaa jezi za wengine.

Wageni wetu wa pwani niwaeleze kidogo. Msaragambo hapa kwetu ni kazi ya wote, pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unazibuliwa, ndiva, bwawa letu la maji, inatolewa tope, barabara inatengenezwa, shamba la mjane linalimwa, na anayesimama kando akitazama anapewa jembe awe nani, akilikataa anatoa mbuzi. Mwalimu Sefania alikwenda kwa wazee akaomba msaragambo wa wachezaji, kwamba kijana akishuka kucheza, kijiji kimlimie, hayo ndiyo yawe malipo yake, na yeye asihitaji mshahara wa mkonge.

Mtunza pembe wakati ule alikuwa Mzee Mbonea, ambaye tunamshukuru Mungu tunaye hapa, amezeeka lakini ulimi wake haujazeeka. Wazee walikutana nyumbani kwa Mwalimu, nami nilikuwepo, na Mzee Mbonea akasema, "Msaragambo ni wa mfereji na wa mjane. Huyu anayekimbiza mpira ana ugonjwa gani hata alimiwe?" Mwalimu akamjibu, "Mzee wangu, kijana akiingia uwanjani Same hawasemi Tumainieli kafungwa, wanasema Shighatini imefungwa. Mzigo anaoubeba ni wetu sote, basi na jembe lake tulibebe sote." Wazee wakatazamana, lakini Mzee Mbonea hakuwa amemaliza, akauliza, "Na wewe kiongozi wao, shamba lako nalo si utataka lilimwe? Au ndiyo sababu umetuita?" Shemeji yangu akasimama, na hasira zake mnazijua, akasema mbele ya wote, "Langu halitaguswa na mtu. Kiongozi halimiwi." Mzee Mbonea akainuka akampa mkono, na jambo likapita siku ileile, na maneno hayo yakawa sheria ya klabu yetu, baadaye yakawa sheria ya Ligi nzima.

Dada yangu Yudith alikuwa jikoni akipakua makande ya wazee hao hao, na hakuna aliyemwuliza.

Nasema hivi kwa sababu niliahidi kusema kweli. Tumainieli alibaki, Usangi na Mbaga wakaiga, vijana wengi walioteremka wakapanda tena, Ligi ikanyanyuka, tukawa na wachezaji wa kulipwa kwa mshahara kule reli na wachezaji wa kulipwa kwa jembe huku juu, na mashamba ya wachezaji yakawa mazuri kuliko yetu, magugu utayatafuta kwa taa. Ila shamba la kiongozi lililimwa na mke wa kiongozi. Mwalimu alikuwa na shule asubuhi, Ligi alasiri, Jumamosi yuko Same, na jembe la nyumba ile lilikuwa mikononi mwa dada yangu, mwaka baada ya mwaka, akiwa mjamzito, akiwa ananyonyesha, na hata mwezi ule aliomzika Dorkas. Nilimwambia shemeji yangu zaidi ya mara moja, kwa maneno ambayo mbele ya Mchungaji siyarudii, kwamba sheria aliyojitungia inamlimisha mtu mwingine, naye akanijibu kwamba siku atakapolimiwa yeye, kesho yake wazee watasema mpira wote ulikuwa wa tumbo lake, na pembe haitapigwa tena kwa ajili ya kijana yeyote. Niliumia kwa sababu nilijua ni kweli, na dada yangu alijua ni kweli, ndiyo maana hakuwahi kulalamika, mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake.

Ligi ilisimama wakati wa vita ya pili, ikaanza tena mwaka 1946, na tarehe 9 Aprili 1949 ukaitishwa mkutano Same uliotaka kuitoa milima. Bwana Meneja alitoa hoja kwamba Ligi sasa imekomaa, iwe ya klabu zenye wachezaji wa kulipwa tu, na kila aliyekuwapo alielewa hoja hiyo imelenga nani. Mwalimu Sefania alisimama akasema wachezaji wetu wanalipwa, wanalipwa tangu 1938, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mjumbe mmoja akauliza wanalipwa kwa ndizi mbivu au mbichi. Mwalimu hakucheka, akasema, "Njooni mwone. Mkikuta hawalipwi, tunatoka wenyewe, hamna haja ya kutufukuza." Huko kulikuwa kuiweka milima yote rehani kwa asubuhi moja, na alipotuambia aliporudi, Usangi na Mbaga hawakulala vizuri, wala sisi.

Bwana Meneja alikuja Jumamosi iliyofuata, tarehe 16 Aprili, lori likamfikisha lilipoweza kufika, kilichobaki akakipanda kwa miguu na soksi zake ndefu, akiwa na katibu wa klabu ya Same, Bwana Mbaraka, karani wa reli, mzaliwa wa Pangani, ambaye alinieleza baadaye kwamba njiani alitubu dhambi ambazo hata hajazitenda. Siku hiyo ilikuwa zamu ya palizi ya shamba la Tumainieli, na Tumainieli mwenyewe hakuwapo shambani, kwa sababu masharti yalikuwa hivyo, wakati unalimiwa wewe uko uwanjani unadaka mpira. Wageni walifika wakakuta kijiji kizima kimeinama, wakasimama kando ya shamba, wakatazama.

Mzee Mbonea hakumjua Bwana Meneja, na hata angemjua, nadhani lingekuwa lile lile. Alimwona mtu amesimama kando ya msaragambo mikono mfukoni, akamwendea, akamtia jembe mkononi, akamwonyesha mstari wake. Mwalimu alikimbia kuja kueleza, Bwana Mbaraka akaanza kutafsiri, kwamba ndiyo desturi, bwana, anayetazama analima au anatoa mbuzi, na Bwana Meneja akamtazama Mzee Mbonea, akalitazama jembe, akatazama wanawake walioacha kulima ili waone, akavua kofia, akaingia kwenye mstari. Alilima hadi adhuhuri, alilima vibaya sana, mahindi kadhaa aliyakata akidhani ni magugu, na Mama Tumainieli akamfuata nyuma akimsema kwa Kigweno ambacho hakuna aliyekitafsiri, lakini alilima, akanywa togwa, akashuka na malengelenge viganjani.

Mkutano ulipokutana tena Same tarehe 30 Aprili, wajumbe waliuliza shauri la milima limekwishaje, na Bwana Meneja akanyanyua viganja vyake akasema, "Wanalipwa. Nimewalipa mimi mwenyewe." Hoja ikafa hapo hapo, na milima ikabaki ndani ya Ligi, na vijana waliokuja kutupa habari walianza kupiga kelele tangu wakiwa bado bondeni, tukajua kabla hawajafika.

Bwana Meneja alipohamishiwa kwingine mwaka 1951, mkutano wa tarehe 3 Machi ulimchagua Mwalimu Sefania kuwa mwenyekiti wa Ligi ya Upare, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, klabu zote sita zikinyoosha mikono, hata yule wa ndizi mbivu. Aliiongoza kwa miaka saba kwa ukali na kwa haki, hakuna mchezo uliopangwa siku ya zamu ya maji ya kijiji chochote, hakuna refa aliyechezesha klabu ya kwao, na mchezaji aliyetukana mzee uwanjani alikaa nje hadi aende mwenyewe kwa mzee huyo kusema shikamoo. Watu wa Moshi walikuja kuuliza tunafanyaje, watu wa Tanga nao wakaja.

Na tarehe 20 Septemba 1952, Shighatini ilicheza na Same kwenye uwanja ule ule wa 1936 kugombea ubingwa. Tulikuwa nyuma kwa bao moja wakati wa mapumziko, Mwalimu akawaendea vijana, Tumainieli akiwa mzee wa magolikipa, magoti yanalia kama mlango, akawaambia, "Leo hakuna mteremko, msiungoje." Hawakuungoja. Tuliwafunga matatu kwa moja, tukapanda treni tukiimba, tukapanda mlima tukiimba, kengele ya kanisa hili ikapigwa bila ibada, na Mchungaji wa wakati ule akasema Mungu ataelewa. Mimi nilimbeba shemeji yangu mabegani kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, na mlangoni tukamkuta dada yangu anatoka shambani, miguu ina udongo, akatucheka wote wawili.

Ugonjwa ulimwanza Februari 1957, kifua kikawa kinambana, miguu ikawa inavimba, akapelekwa hospitali ya serikali Moshi tarehe 19 Machi 1957, akalazwa, akapata nafuu, akarudishwa tena Mei mwaka huu wa 1958, na daktari akamweleza kwamba moyo umechoka, asipande mlima, jambo gumu kumwambia mtu wa Ugweno, maana hata chooni kwetu ni kupanda. Msimu huo dada yangu naye mgongo ulikataa, alikuwa akiinama hanyanyuki, watoto wako mbali makazini, na Septemba ikafika shamba lao halijaguswa, limejaa nyasi, huku vuli inakuja. Nilikwenda nikamwambia naita msaragambo, akasema, "Shemeji, mimi ni mwenyekiti. Kiongozi halimiwi." Nilimwambia atakufa yeye na sheria yake, na dada yangu atakufa njaa, akasema heri hivyo kuliko Tumainieli na wenzake waambiwe walikuwa chambo chake cha kulimiwa shamba. Niliondoka bila kuaga.

Tarehe 27 Septemba mwaka huu kamati ya Ligi ilikutana Same bila yeye. Bwana Mbaraka alitoa hoja kwamba Mwalimu Sefania Kajiru aondolewe uenyekiti siku hiyo hiyo, mimi nikiwa mjumbe wa Shighatini nikaunga mkono, mikono yote ikanyooka, na Bwana Mbaraka mwenyewe akachaguliwa kushika nafasi. Nilipanda mlima nikampelekea habari. Akaniuliza, "Nimewakosea nini?" nami nikamwambia kamati imeamua, kwa sababu tulikuwa tumeapa kutosema zaidi, na wiki ile shemeji yangu hakula vizuri wala hakumsalimu mtu, alivua saa aliyopewa na Ligi akaiweka mezani, na dada yangu alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba asubuhi pembe ikalia. Mwalimu alisikia akamwambia mkewe watakuwa wanakwenda mfereji wa juu, lakini sauti haikwenda mfereji wa juu, ilikuja, ikakaribia, ikasimama uani kwake. Alitoka na fimbo. Njia yote ilijaa watu kutoka kanisani hadi migombani, Shighatini, Usangi, Mbaga waliopanda treni kisha mlima, Makanya, Lembeni, na Same, wote wamevaa jezi za klabu zao, na kila mmoja ana jembe begani. Tumainieli alikuwa mbele. Mwalimu akaanza kufoka kwa pumzi alizobaki nazo, "Sheria! Mnaijua sheria! Kiongozi halimiwi!" Bwana Mbaraka, ambaye alikuwa anahema kuliko hata mgonjwa, akasogea akamwambia kwa heshima zote, "Kiongozi ni mimi, Mwalimu. Shamba langu liko Pangani na hakuna atakayeligusa. Wewe si kiongozi tena, tulikuondoa Jumamosi iliyopita, na sheria yako tumeifuata neno kwa neno. Kaa chini ulimiwe."

Ndugu zangu, nimemfahamu mtu yule miaka yote hiyo, nimemwona akiwa na hasira, nimemwona akishinda, nimemwona akizika mtoto, lakini sikuwahi kumwona akimtii mtu kama alivyotii pale. Aliketi kwenye kiti alichotolewa, akalia na kucheka kwa pamoja, akafuta uso kwa mkono wa shati. Kisha Mzee Mbonea akaja polepole na mkongojo wake, akamtazama, akasema, "Anayetazama msaragambo mnajua," akamlazia jembe magotini, na shemeji yangu akalishika hivyo hadi kazi ilipokwisha. Dada yangu alikuwa ameshachukua jembe lake kwa mazoea, Tumainieli akamnyang'anya, akamletea kiti, akamketisha kando ya mumewe, na mama mmoja wa Usangi akampakulia makande. Alipokea sahani kwa mikono miwili na hakujua aiweke wapi, kwa sababu tangu aolewe hakuwahi kuketi siku ya jembe. Lile neno nililokuwa nalo moyoni dhidi ya shemeji yangu liliniishia pale pale, natangaza mbele yenu wote kwamba halipo tena.

Mvua ilianza tarehe 25 Oktoba, mahindi na maharage yakaota pamoja, na kitanda cha Mwalimu kikasogezwa dirishani. Alhamisi tarehe 13 Novemba 1958 asubuhi alimwuliza mkewe kama mahindi ya upande wa mgomba mkubwa nayo yameota, dada yangu akatoka kuangalia, akarudi akamwambia yameota yote, akasema, "Vizuri," akafumba macho, na saa tatu Bwana akamtwaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Moshi kwa uangalizi wao, Mchungaji na usharika kwa sala, majirani waliochota maji na kupasua kuni bila kuombwa, walimu wenzake, jamaa wa Kileo waliotulaza tangu vijana hadi leo, Bwana Mbaraka na kamati, na wachezaji wa klabu zote sita. Nawashukuru pia kwa kaburi hili, maana jana pembe ilipigwa kwa ajili yake, na safari hii hakuwapo wa kuikataa. Katika kutoka kwenu nawaomba mfuate njia ya kanisani, msipite shambani, msikanyage mahindi ya dada yangu.

Mwalimu, shemeji yangu, ulicheza kipindi chako cha kwanza chote ukipandisha, na hukujitunza. Sasa umebadilishana goli, mteremko ndio huu. Pumzika, Mwalimu, umeshalipwa, pumzika kwa amani.